Kikombe kilekile mara nane

Swali: "Mwalimu, salaam. Januari niliamua kupiga picha moja kila siku kwa mwaka mzima. Nilienda vizuri siku 41, kisha nikaishiwa. Siku zangu zinafanana: nyumbani, kazini, nyumbani. Nilipopitia picha nikakuta nimepiga kikombe kilekile mara nane. Mwezi wa nne nikasafiri siku sita, nikarudi na picha 2,314. Cha ajabu, nikiulizwa niliona nini huko siwezi kusimulia bila kufungua simu, na mwenzangu analalamika kwamba safari nzima nilikuwa nyuma ya simu. Rafiki mmoja kaniambia simu yangu ni hafifu, ninunue kamera ya kweli. Mwingine anasema tabia hujengeka kwa siku 21, kwa hiyo kama hata siku 41 hazikutosha, mimi si mtu wa mambo haya. Je, niache? Na ni kweli kwamba kupiga picha kunafuta kumbukumbu?"

Jibu:

Ndugu yangu, usiache. Ila usiendelee kama ulivyokuwa ukiendelea.

Nililisoma swali lako mara ya kwanza nikadhani una matatizo mawili: nyumbani huna cha kupiga, safarini huna usichopiga. Nilipolirudia nikaona ni ugonjwa mmoja wenye dalili mbili. Umeichukulia picha kama tuzo ya vitu vinavyostahili. Nyumbani huoni kinachostahili, unaishia kwenye kikombe. Safarini kila kitu kinastahili, basi kidole hakipumziki. Kotekote kuna kazi moja ambayo haikufanyika, nayo ni kuchagua. Kubofya si kazi, simu inaweza kubofya ikiwa mfukoni. Kazi ni kuamua kwamba leo ni hii, na kuandika chini yake mstari mmoja.

Tuanze na siku 21, maana ndizo zilizokukatisha tamaa bure. Chimbuko lake ni daktari Mmarekani wa upasuaji wa kurekebisha maumbile, Maxwell Maltz, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1960 aliandika kuwa wagonjwa wake huhitaji angalau siku 21 hivi kuizoea sura mpya kwenye kioo. Alikuwa anazungumzia pua na makovu. Watu wakalidondosha neno "angalau" njiani, wakaifanya kanuni ya kila kitu. Phillippa Lally na wenzake wa University College London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya za kila siku, na katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2009, makadirio yao ya kati yalikuwa siku 66 mpaka jambo lianze kujiendea lenyewe. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa: siku 18 kwa mmoja, 254 kwa mwingine. Kwa hiyo siku yako ya 41 ilikuwa katikati ya njia. Na wakaona jambo ambalo wahubiri wa nidhamu hawapendi kulitaja: kuruka siku moja hakukuharibu chochote cha maana.

Kilichokuangusha ni kwamba tabia yako haikuwa na kigingi. "Kila siku" si saa wala tukio. Ni matumaini tu. Nabashiri kikombe chako kilipigwa saa nne usiku, ulipokumbuka kwamba siku inaisha na hujapiga kitu, ukageuka ukakuta kiko mezani. Ifunge picha kwenye jambo ambalo tayari hulikosi: unapofungua dirisha asubuhi, unapovua viatu jioni, unapotoka kazini na kusimama hatua tano nje ya mlango. Picha nyingine utakazopiga katikati ya mchana ni nyongeza. Ile ya kwenye kigingi ndiyo inayolinda siku.

Kuna mtu mmoja ninayependa kumtolea mfano kwa wanafunzi, Jamie Livingston wa New York. Kuanzia tarehe 31 Machi 1979 alipiga picha moja ya Polaroid, kamera inayotoa picha ya karatasi papo hapo, kwa siku, akaendelea hadi tarehe 25 Oktoba 1997, siku aliyofariki, ambayo pia ilikuwa siku yake ya kutimiza miaka 41. Ni zaidi ya picha 6,000. Ukizitazama moja moja, nyingi ni za kawaida kabisa: marafiki wamekaa, chumba, barabara, nusu ya uso wa mtu. Baadhi hazina hata fokasi. Ukizipanga kwa tarehe unaona maisha yakienda, marafiki wakizeeka, na mwishoni hospitali. Hakuna picha hata moja kati ya hizo iliyoweza kuibeba hadithi hiyo peke yake, na hakuna mtu ambaye angeweza kumwambia mwaka 1980 ipi kati ya zile "za kawaida" itakuja kuuma zaidi.

Hapo ndipo wengi tunapokosea mahesabu. Mwaka 2014 Ting Zhang na wenzake wa Harvard walitoa utafiti ambamo watu waliandika mambo ya siku zao, wakakadiria watavutiwa kiasi gani kuyasoma tena miezi michache baadaye. Makadirio yao yalikuwa chini ya hali halisi, na yalikuwa chini zaidi kwa siku ya kawaida kuliko kwa Siku ya Wapendanao. Siku kubwa tunaijua kuwa kubwa tangu asubuhi. Siku ndogo hujificha. Mimi nina picha ya kitasa cha mlango niliyoipiga nikijaribu lenzi mpya, haina ufundi wowote. Pembeni, chini, vinaonekana vidole vya binti yangu vimenyooka kukifuata kile kitasa, na bado umebaki umbali wa kama kiganja kimoja kukifikia. Siku hizi anakifungua kwa kiwiko mikono ikiwa imejaa vitu. Sikumwona nilipobofya.

Sasa hicho kikombe. Kukirudia si kosa. Kosa ni kukirudia kwa namna ileile. Kitu tunachokiona kila siku ubongo huacha kutuletea habari zake, maana hakina jipya wala hatari. Macho hayana pazia, wanasema, lakini husinzia yakiwa wazi. Na wanaposema mgeni njoo mwenyeji apone, katika upigaji picha ni kweli neno kwa neno: mtu akija kwako ghafla unauona ufa wa ukutani uliokaa miaka miwili. Kazi yako ni kuwa mgeni huyo kwa dakika mbili tu.

Njia nyepesi ni kuacha kutafuta kitu kipya na kutafuta mwanga mpya. Kisogeze kikombe hadi dirishani, uzime taa ya chumba ili rangi ya balbu isigombane na ya jua, kisha simama mahali ambapo mwanga unakijia kutoka ubavuni, usiwe nyuma yako. Mwanga wa ubavuni hukwaruza juu ya uso wa kitu, ndiyo maana utaona alama ya duara iliyoachwa na kinywaji, ule mkwaruzo karibu na mkono wake, na vumbi ambalo hukujua lipo. Jua likiwa chini asubuhi au jioni, miale yake hupita kwenye hewa nyingi zaidi kabla ya kukufikia, sehemu kubwa ya buluu hutawanyika njiani, na kinachobaki huelekea manjano na wekundu. Adhuhuri jua huwa juu ya kichwa, macho ya watu huwa mashimo meusi, vitu huwa bapa. Siku hiyohiyo, kikombe hichohicho, picha tatu tofauti. Na ukikuta siku moja viko viwili, piga viwili, kisha andika nani alikuja.

Kurudia kwa makusudi ni jambo jingine, nalo nalipenda kuliko yote. Chagua dirisha moja, lipige kila Jumatatu ukiwa umesimama palepale. Usione haya. Picha ya kamera ya zamani kuliko zote zilizosalia, ya Nicéphore Niépce huko Ufaransa, ya mwaka 1826 au 1827, ni mapaa na kuta alizokuwa akiziona kutoka dirisha la ghorofani nyumbani kwake. Na ile ambayo kwa kawaida huhesabiwa kuwa ya kwanza kuonyesha binadamu, Louis Daguerre aliipiga Paris mwaka 1838 kutoka juu ya barabara yenye pilikapilika. Sahani yake, yaani bamba la kunasia picha, ilihitaji dakika kadhaa za mwanga, kwa hiyo kila aliyekuwa akitembea alifutika. Aliyebaki akionekana vizuri ni mtu mmoja aliyesimama kung'arishwa viatu. Huenda hakujua anapigwa picha, alikuwa na shughuli zake.

Nije kwenye kumbukumbu, maana naona ndiyo inayokukosesha usingizi. Kuna ukweli ndani yake, ila si wote. Linda Henkel wa Fairfield University, Marekani, alitembeza watu kwenye jumba la makumbusho. Vitu vingine wakavipiga picha, vingine wakavitazama tu. Kesho yake walikumbuka vibaya zaidi vile walivyovipiga. Ubongo hutenda kama mtu aliyekabidhi mzigo kwa mpagazi: nikiisha kukupa, sihangaiki tena. Lakini katika utafiti huohuo, waliosogeza lenzi na kupiga sehemu moja ya kitu, labda mguu wa sanamu, hawakupata hasara hiyo, na hata zile sehemu ambazo hawakuzipiga walizikumbuka. Mwaka 2017 Alixandra Barasch, Kristin Diehl na wenzao wakaonyesha upande wa pili: wanaoamua wenyewe cha kupiga hukumbuka vizuri zaidi walichokiona, ila hukumbuka kidogo zaidi walichokisikia.

Kwa hiyo kidole hakifuti kitu. Kinachoamua ni umakini wako ulikuwa wapi wakati kidole kinabofya. Hebu tupige hesabu yako: picha 2,314 kwa siku sita ni karibu 386 kwa siku. Kama ulikuwa macho saa kumi na sita, ni picha moja kila dakika mbili na nusu, kuanzia kuamka hadi kulala. Katika dakika mbili na nusu mtu hapati nafasi ya kushangaa kitu, na mwenzako hapati nafasi ya kumaliza sentensi. Ana haki ya kulalamika.

Safari ijayo, mkifika mahali, iache simu mfukoni dakika kumi za kwanza. Tembea, sikiliza, ulizana na mwenzako. Kisha ukiitoa, piga mahali penyewe kwa mbali, watu au kitu kwa kati, halafu jambo moja dogo kwa karibu kabisa: kamba iliyofungia lango, herufi zilizopauka kwenye kibao, kiatu cha mwenyeji wenu. Irudishe mfukoni. Mara moja moja mkabidhi mwenzako simu apige yeye, maana naapa ukizifungua zile 2,314 utakuta mtu mmoja hayumo, ambaye ni wewe. Usiku, kabla hujafungua galari, andika mistari miwili mitatu ya ulichokikumbuka bila msaada. Kuvuta jambo kutoka kichwani ndiko kunakolikaza. Kulitazama tu kwenye kioo cha simu hakufanyi hivyo. Ndipo ufungue, uweke alama kwenye picha moja ya siku, na umalizie maelezo yake kwa yale ambayo kamera haiyapati: sauti iliyokuwapo, harufu, maneno aliyoyasema mtu, jina lake. Nyingine usizifute usiku huohuo, uchovu ni mhariri mbaya. Zipe mwezi mmoja.

Kama utatumia kamera badala ya simu, irekebishe saa yake mara ukifika nchi yenye saa tofauti na ya kwenu. Simu hujirekebisha, kamera nyingi hazijui kama umesafiri. Nina macheo mazuri kabisa yaliyorekodiwa kwenye faili kuwa ya saa saba usiku, na kwa miaka kadhaa yalinivurugia mpangilio wa safari nzima.

Kuhusu kununua kamera, rafiki yako ameharakisha. Kwanza chukua kitambaa laini ufute lenzi. Sitanii. Simu inashikwa mchana kutwa, mafuta ya vidole yanajaa juu ya lenzi, taa zinatoa ukungu, na mtu anaona simu imechoka. Pili, ukitaka kitu kiwe karibu, sogea kwa miguu. Kukuza kwa vidole kupita uwezo wa lenzi ni kukata tu sehemu ya picha na kuitanua. Tatu, lenzi kuu ya simu huona pana, kwa hiyo uso ukipigwa kwa karibu sana pua huvimba na masikio hurudi nyuma. Rudi hatua mbili, kisha ukate baadaye. Simu hushindwa kweli kwenye vitu viwili: vilivyo mbali, na vinavyokimbia penye mwanga hafifu, kwa sababu kipande kinachopokea mwanga ndani yake ni kidogo sana. Hali ya usiku ya kamera ya simu hujaribu kuziba pengo hilo kwa kuunganisha picha kadhaa, ndiyo maana mtoto anayekimbia huwa kama moshi. Siku utakayoweza kunitajia picha ileile uliyoikosa mara tatu kwa sababu hiyo, nunua kamera. Kabla ya hapo utakuwa umenunua uzito wa begi.

Uhifadhi sitauongelea sana, ila usiudharau. Picha moja ya simu yenye megabaiti 4, kwa siku 365, ni kama gigabaiti moja na nusu. Mwaka mzima wa maisha yako unaingia kwenye flashi ndogo kabisa, nafasi ikabaki. Weka nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba au kwenye hifadhi ya mtandaoni. Usitegemee picha ulizotumiana kwa WhatsApp kuwa nakala yako: zikitumwa kama picha za kawaida hubanwa, na taarifa za tarehe na mahali hupotea. Kupotea huko kuna faida upande mwingine. Faili halisi mara nyingi hubeba alama ya GPS, inayoonyesha mahali picha ilipopigwa, kwa hiyo kabla ya kuweka hadharani picha ya nyumbani au ya shule ya mtoto, iondoe. Na watu waombe ruhusa, hasa watoto, kwa wazazi wao. Sheria hutofautiana nchi na nchi. Mipakani, viwanja vya ndege, kambini na hospitalini uliza kwanza.

Kama kila siku bado inakulemea, piga moja kwa juma, uwe na 52 kwa mwaka. Utakosa mambo madogo yanayopita Jumatano, na hilo ni kweli, lakini 52 zilizoandikiwa maelezo nazithamini kuliko 365 zilizo bubu. Mfikirie Vivian Maier, yaya wa Chicago aliyepiga picha zaidi ya 100,000 mitaani. Mizigo yake iliyokuwa imehifadhiwa ilinadiwa mwaka 2007, na humo mlikuwa na filamu nyingi ambazo hazikuwahi hata kusafishwa. Leo anahesabiwa miongoni mwa wapiga picha wakubwa wa mitaani. Waliomchagulia picha ni wengine. Angechagua yeye, labda tungemjua kuwa mtu tofauti kabisa. Ushauri wangu kwako ni kila siku, kwa kigingi, kuanzia kesho na si Januari ijayo. Siku ulizoruka ziache tupu. Usizijaze kwa picha za kuazima, pengo nalo ni taarifa.

Kuna mahali maandishi haya hayatoshi. Kadi ya kumbukumbu ikigoma au ukifuta kwa bahati mbaya, acha kuitumia papo hapo, usipige hata picha moja zaidi, maana data iliyofutwa mara nyingi ipo mpaka iandikwe juu yake. Ipeleke kwa fundi wa kurejesha data. Ukitaka kuusoma mwanga, saa mbili ukitembea na mpiga picha anayekusahihisha palepale zitakufaa kuliko video nyingi. Na hili nalisema kwa uzito: kusahau safari uliyoipitia nyuma ya kioo si jambo la kutisha, lakini ukiona unasahau pia miadi, majina ya watu wa karibu, au njia unazozijua, mwone daktari, usimsingizie kamera. Vilevile kama siku isiyo na picha inakukosesha amani kiasi cha kushindwa kulala, zungumza na mshauri nasaha. Tabia ya kuhifadhi maisha isiwe deni linalokufukuza.

Zile picha nane za kikombe usizifute. Ziandikie tarehe, zipange, utazame kilicho nyuma ya kikombe katika kila moja. Kisha Jumamosi hii kaa na karatasi, simu ikiwa chumba kingine, uandike siku zile sita za safari kwa kichwa, moja baada ya nyingine, mstari mmoja kila siku. Ukimaliza ndipo utafute picha sita za kuilaki mistari hiyo. Ukikwama siku ya tatu, usikimbilie galari. Muulize mwenzako, yeye alikuwa akitazama.